Jembe Safi na Kopo la Mikumi

Jembe la mama lilikuwa linarudi safi. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokitilia shaka.

Kila alfajiri alijifunga khanga, akaweka jembe begani na kutoka. Mimi nakaa barazani na cherehani yangu hapa Magomeni, hii ya kando ya mto Mkondoa, nashona nguo za majirani, kwa hiyo naona anayetoka na anayeingia. Alirudi jua likiwa limepanda kidogo, jasho linamtoka, miguu ina vumbi, na jembe halina hata chembe ya udongo. Shamba letu liko Masanze. Mtu hawezi kwenda Masanze kwa miguu, akalima, akarudi kabla uji haujapoa. Tena kilikuwa kiangazi. Analima nini?

Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Tangu shule ya msingi mwalimu akinisimamisha, jibu lilinikwama kooni mpaka aite mwingine. Nilipomaliza darasa la saba nikajifunza kushona, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya ameinamisha kichwa. Lakini asiyeuliza huangalia sana. Nikaanza kuangalia.

Niliwaza mambo ambayo mtoto hapaswi kuyawaza. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama ni mtu wa kanisa, yuko kwenye umoja wa akina mama, Jumapili anavaa kitambaa chake cheupe kichwani na anakaa mbele. Hata hivyo nilijiuliza, mwanamke anayetoka alfajiri na jembe lisilolima anakwenda kwa nani? Jirani wa mbele naye alikuwa ameshaanza. Siku moja alisimama uani kwetu akaniambia, "Mama yako amepata shamba jipya, eti? Mbona hatuambii wenzake?" Nikacheka tu. Aliniangalia mdomo, anasubiri uteleze.

Asubuhi moja nikamfuata mama.

Alipita nyuma ya maduka, akavuka reli, akapanda kwenye tuta la mto Mkondoa, lile la kuzuia mafuriko. Alikuwa anatembea haraka sana. Mtu anayekwenda shamba anatunza nguvu zake za kulimia. Mama alikuwa anatupa mikono, jembe linarukaruka begani. Akafika mahali pasipo na nyumba wala shamba wala mtu yeyote, akageuka, akaanza kurudi. Mimi niko katikati ya tuta, sina pa kujificha.

"Unanifuata?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, unanifuata?"

Nikaangalia chini. Akashusha jembe, akakalia mpini wake pale pale kwenye majani, akavuta pumzi mpaka ikatulia.

"Hospitali wamenipiga picha ya tumbo," akasema. "Ini lina mafuta."

"Mafuta?"

"Mafuta. Daktari kaniambia nipunguze ugali, niache soda na sukari, na kila siku nitembee mpaka jasho linitoke."

"Sasa jembe la nini?"

"Ulitaka nitembee mikono mitupu? Wakiniuliza naenda wapi, niwaambie siendi popote?"

Hapo nilimwelewa. Kwetu mtu mzima hatembei bila kwenda. Kila mlango unaopita unaulizwa, wapi huko, na lazima uwe na jibu: kisimani, sokoni, shamba, msibani. Mwanamke wa umri wake anayekwenda mpaka kwenye tuta na kurudi bila kitu mkononi, watu watasema kachanganyikiwa, au anafanya mambo ya kichawi. Jembe lilimjibia.

Na lilificha jambo kubwa zaidi. Kwa watu wengi hapa, ini ni ugonjwa wa walevi. Mama hajawahi kuonja hata togwa iliyolala. "Wakisikia ini," alisema, "watasema kumbe nilikuwa nakunywa chumbani. Na wale wenzangu wa kanisani ndio watakaoanza. Usimwambie mtu." Akanyanyuka, tukarudi, yeye mbele mimi nyuma, kama watu wasiojuana.

Jambo moja hakulisema, na sikutegemea aliseme. Ugonjwa huo ulimwanza baada ya hedhi kukoma. Kwetu mama hazungumzi na binti yake habari hizo. Nilipovunja ungo aliitwa bibi, mama akatoka nje akaenda kuchanja kuni. Bibi ameshafariki, na ya mama kukoma hakuna aliyebaki wa kuniambia. Mimi nililijua kwa tepu. Nguo zake zote nashona mimi. Mikono yake haikunenepa, mabega yaleyale, lakini kiuno kilianza kuongezeka, na kila gauni jipya nilitia kitambaa zaidi, wakati chakula chake nilikiona, kilikuwa kilekile. Nilihisi kuna kitu mwilini mwake kimebadili njia. Sikujua jina lake.

Kwa muda baada ya siku ile shaka ilinitoka. Jembe lilitoka safi na kurudi safi, nami nikawa nalifuta vumbi. Mama alianza kupumua vizuri akipanda ngazi ya kanisani. Nikapunguza gauni moja kiunoni, kidogo tu, hakusema kitu ila alilivaa Jumapili mbili mfululizo.

Halafu asubuhi moja jembe likabaki nyuma ya mlango. Kesho yake pia. Nikadhani amechoka. Wiki ikaisha, buibui akaanza kufunga uzi wake kwenye mpini.

Kopo nililikuta ndani ya debe la unga. Nilichota unga wa ugali, bakuli likagonga kitu kigumu. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kijani, ndani unga wa rangi ya kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, harufu yake kali inapanda mpaka machoni. Mtu haweki dawa nzuri ndani ya debe la unga. Nikalirudisha nikalifunika.

Mama mwenyewe ndiye aliyenitoa katika kuwaza, kwa sababu kopo lilipokaribia kuisha alinituma nikamchukulie jingine. Alikuwa amelipata Mikumi alipokwenda kwenye harusi, kwa bwana mmoja anayeuza karibu na stendi. "Ni majani tu," alisema, huku akipekua mkoba wake bila kunitazama. "Yanayeyusha mafuta ya ini. Na ukiyanywa huna haja ya kutembea."

Nilipanda gari la asubuhi, tukapita kijiji cha Ulaya siku ya gulio, watu na baiskeli zao na magunia njia nzima, tukafika Mikumi jua la saa sita. Bwana yule sikumkosa. Alikuwa na meza ndefu chini ya mwavuli, na spika inayosema peke yake. Nilisimama upande nikijifanya nasubiri mtu. Akaja mzee, akauziwa kopo lenye mfuniko wa kijani, la presha. Akaja kijana, akanong'onezwa, akacheka, akaondoka na kopo lenye mfuniko wa kijani. Likachukuliwa jingine la vidonda vya tumbo. Makopo yote yalikuwa ya boksi moja.

Ilipofika zamu yangu sauti iligoma. Nikamwonyesha lile kopo la zamani.

"Ahaa, la ini! La mama mtu mzima? Aliyekoma?" Alilisema kwa sauti, watu wapo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mwambie asiache. Wakikoma wale, mafuta yanakimbilia ini. Hii inayafuata huko huko."

Nikajikaza. "Ni majani gani?"

"Majani ya Mungu, dada yangu! Hayana kemikali. Kuna manjano, kuna majani mabichi ya chai, kuna mlonge, na mengine ni siri ya ukoo. Ila mimi siuzi majani, nauza nguvu yake. Nimekamua. Kijiko kimoja hicho ni sawa na gunia zima."

Alicheka, akafungua soda yake ya pili. Tumbo lake lilikuwa limekaa juu ya meza pamoja na makopo.

Nikalichukua. Njiani nililigeuza geuza. Karatasi yenye picha ya jani ilikuwa imebandikwa juu ya gundi ya karatasi nyingine iliyobanduliwa, na kwenye ukingo yalibaki maandishi madogo ya kitu kingine kabisa. Hilo halikunisumbua sana kama lile gunia. Nimebeba magunia ya majani ya maboga kutoka Masanze, najua gunia ni kiasi gani. Mtu mmoja anakula gunia la majani asubuhi, gunia jioni. Linapita wapi lote hilo? Nilifikiri kulitupa dirishani na kusema nimeibiwa. Lakini mama angekwenda mwenyewe kuchukua jingine.

Alianza kujikuna. Mwanzoni mikono, halafu mgongo, halafu akawa anajikuna miguu kwa gunzi la hindi akiwa amekaa jikoni. Chakula akawa anakisogeza. "Dawa inafanya kazi," akasema, "hata mkojo umekuwa kama chai ya rangi, ni sumu inatoka." Siku moja alinishikia kitambaa karibu na dirisha ili nikate sawa, mwanga ukampiga usoni, nikaona weupe wa macho yake si weupe tena.

"Mama, macho yako."

"Macho yangu yamefanyaje?"

Alinitazama nayo. Jibu likanikwama pale pale linapokwamaga.

"Hayana kitu," nikasema.

Nilikata kitambaa vibaya siku ile. Nilikuwa na hakika sasa kwamba lile kopo linamla mama yangu, na kwamba nisipomwambia mtu nitamzika. Lakini nimwambie nani? Alinikataza. Nikimwambia mchungaji, ni kanisa zima. Jirani wa mbele ndiyo usiseme.

Nikamkumbuka mtani wake.

Sisi ni Wakaguru. Mtani huyo ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa kukata mkonge enzi za mashamba makubwa, hawakuondoka tena. Makabila yetu ni watani, na yeye na mama wanautimiza utani wenyewe, si ule wa kuchekeana tu. Anaingia kwetu bila hodi, anachukua anachotaka, na kikishachukuliwa na mtani hakinyang'anywi, kinakombolewa kwa bei anayoitaka yeye. Pasaka moja alimchukua jogoo akiwa tayari ndani ya sufuria, na sufuria lake. Mama naye msibani kwao alikalia jeneza, akagoma kuinuka mpaka apewe sukari. Hakuna aliyewahi kumkasirikia mwenzake, maana hairuhusiwi.

Mtani alikuja kupimwa gauni. Nikamzungushia tepu, nikiwa nyuma yake, na nikagundua kwamba kumwambia mtu mgongo si sawa na kumwambia uso. Nikaanza. Nilisema yote nikiwa nimeshika ncha mbili za tepu kiunoni kwake: ini, jembe, kopo, gunzi, macho.

Hakugeuka. "Kopo liko wapi?" akauliza.

"Kwenye debe la unga."

"Haya, pima. Na usinibanie kiuno, mimi nakula."

Mama alitoka chumbani akamkuta mtani wake jikoni, mkono umezama ndani ya debe mpaka kwenye kiwiko.

"Mwizi wewe, umekosa unga kwenu?"

"Nimekuja kuchukua mahari yangu. Eh! Kumbe Wakaguru mnazika makopo kwenye unga?" Akalitoa, akalipuliza, akalitia kwapani.

Nilimwona mama akibadilika. "Hilo rudisha. Hilo si la utani."

"Tangu lini mtumwa anamchagulia bwana wake? Unalitaka, kalikomboe."

"Sema bei basi."

"Kesho asubuhi, mlangoni hospitali. Nitakaa pale nalo. Usipokuja, Jumapili nalipeleka kanisani kwenu, nawauliza wale wenye vitambaa vyeupe, jamani, hii mnapikia mboga gani?"

"Una wazimu."

"Nataka usife upesi. Ukifa lazima nije nilale kaburini kwako mpaka nilipwe, na mimi mgongo unaniuma, siwezi ardhi ya baridi." Akaangalia macho ya mama, moja kwa moja, kama mimi nisivyoweza. "Manjano hayo, mtani. Umekuwa kama yai."

Akatoka na kopo. Mama alibaki amesimama jikoni, unga mwingi sakafuni. Kisha akageuza shingo taratibu akanitazama pale barazani. Nilikanyaga cherehani ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Asubuhi alivaa gauni la kanisani. Hakuniita, nikafuata hivyo hivyo. Mtani alikuwa mlangoni amekaa juu ya ndoo yake ya kuuzia dagaa, kopo liko mapajani. Walisalimiana kwa matusi, lakini madogo, na wakaingia wakiwa wameshikana mikono.

Daktari alikuwa msichana mdogo, akampa mama shikamoo, akamvuta kope, akambonyeza ubavuni chini ya mbavu. "Mama, kuna dawa yoyote unatumia nyumbani?"

Mama akaangalia ukuta. Mtani akaweka kopo mezani.

Daktari alilifungua, akarudisha mfuniko haraka. "Aliyewauzia alisema kuna nini humu?"

Mtani hakujua. Mama naye hakujua, hakuwahi kuuliza, alinunua kwa furaha ya harusi. Aliyejua ni mmoja tu mle ndani, na wote walikuwa wanangoja. Jibu lilinipanda mpaka kooni, likakaa pale. Niliona mkono wa mama unajikuna juu ya gauni la kanisani.

"Manjano," nikasema. "Majani mabichi ya chai. Mlonge. Mengine hakusema. Alisema amekamua, kijiko kimoja ni sawa na gunia."

Mama akanitazama. Hapo ndipo alipopata hakika, maana mtu asiyefungua mdomo mahali popote haufungui hospitali bila kuwa ameshaufungua kwingine.

"Sikatai majani," daktari alisema. "Mchicha kula, matembele kula, manjano tia kwenye mboga kama siku zote. Chai kunywa, bila sukari. Lakini ikikamuliwa hivyo, na hujui kingine kilichochanganywa, ini ndilo linalobeba mzigo, na lako lilikuwa na mzigo tayari." Akamweleza, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba hedhi ikikoma mwili hubadili mahali unapoweka mafuta, tumboni na kwenye ini, hata kwa mtu asiyekunywa pombe. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi niliangalia vidole vyangu. Mtani peke yake ndiye aliyekuwa anaitikia kwa kichwa na kusema, "Umesikia, mwenye kitambaa cheupe? Hata asiyekunywa."

Walimtoa damu, wakapima na homa ya ini, haikuwepo. Ini lilikuwa limeumia. Aliambiwa aache unga ule siku hiyo hiyo, arudi kupimwa, na macho yakizidi asisubiri siku ya kurudi. Mtani akauliza kopo ni la nani sasa. Daktari akalibakiza mezani kwake.

Wiki zilizofuata sizipendi kuzikumbuka. Mama hakunisemesha zaidi ya chumvi na maji. Mimi kila asubuhi nilimtafuta dirishani nimwone macho, naye akijua namtafuta akageukia upande wa giza. Nilinusa unga kila nilipochota. Nilipekua chini ya godoro lake akiwa kanisani. Sikukuta kitu, nikapekua tena. Gunzi la kujikunia ndilo lililoniambia kwanza: nililikuta limetupwa kwenye jiko, limeungua nusu.

Aliporudi kupimwa, damu ilikuwa imetulia kwa kiasi kikubwa. Mafuta bado yapo. Daktari alimwambia yale yale ya mwanzo, na kwamba hana kitu cha kumpa badala ya kutembea.

Kesho yake alfajiri alinigonga begani. Alikuwa ameshajifunga khanga. Akaenda nyuma ya mlango, akafuta utando wa buibui kwa kiganja, akanipa jembe.

"Beba," akasema. "Leo tunakwenda wote. Na wakiuliza, utajibu wewe. Si umejifunza kusema?"

Tulivuka reli. Kwenye tuta akaanza kutupa mikono, nami nyuma yake jembe linanigonga bega. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi alituona tunakuja, akasimama kabisa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mnakwenda wapi, na jembe moja, watu wawili?"

Nilimwangalia mama. Yeye aliangalia mto.

"Tunatembea," nikasema.

"Kwenda wapi?"

"Kutembea tu. Halafu tunarudi."

"Na jembe?"

Nililitazama jembe. "Tumelizoea," nikamjibu, na mbele yangu mabega ya mama yakaanza kutikisika kwa kicheko, lakini hakusimama.

Tulipogeuka na kurudi, yule mzee alikuwa bado pale pale. Akalitazama jembe, akaitazama miguu yetu, akatusindikiza kwa macho mpaka tulipoteremka tuta. Najua hakuamini.